Ulimi Kati ya Meno: Konsonanti za Kiingereza katika Historia ya Ujiji na Kigoma

Historia ya Kiingereza katika mwambao wa Ziwa Tanganyika huandikwa kwa kawaida kama historia ya shule, yaani ya wamisionari, serikali na mitaala, na ni nadra kuandikwa kama historia ya kinywa, ingawa konsonanti, ambazo ni sauti zinazotokea pale hewa itokayo mapafuni inapozuiwa au kubanwa na midomo, meno, ulimi au kaakaa, hujifunzwa kwanza kinywani na ndipo hufuata kalamu. Ikitazamwa kwa upande huo, Ujiji ni mahali pa kushangaza kidogo. Mji huu ulikuwa na somo la mahali pa kutamkia sauti, lenye istilahi zake na walimu wake, miaka mingi kabla ya ofisa wa Uingereza kukalia kiti cha serikali Kigoma. Lakini somo hilo lilifundishwa chuoni, kwa ajili ya Kurani, na shule iliyokuja kufundisha Kiingereza haikulijua wala haikulitafuta.

Waingereza wa kwanza kufika Ujiji, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia mjini Februari 1858 bila lugha yao kuacha alama yoyote midomoni mwa wenyeji. Burton alizungumza Kiarabu na wafanyabiashara. Speke, ambaye Kiarabu hakukijua, aliwategemea watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India, ambaye walizungumza naye kwa Kihindustani. Na mambo mengine yote ya msafara, kuanzia bei ya mitumbwi hadi ugomvi wa wapagazi, yaliendeshwa kwa Kiswahili. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871 kwa tarehe aliyoiandika mwenyewe, Henry Morton Stanley aliingia Ujiji kumtafuta David Livingstone, na kwa maelezo yake mtu wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza katika umati ule hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake, mzaliwa wa Shupanga kwenye Mto Zambezi, aliyekipata Kiingereza kwa miaka ya kufanya kazi pamoja na Waingereza. Sentensi maarufu ambayo Stanley alimsalimu nayo Livingstone imerudiwa ulimwenguni kote hadi ikawa mzaha, ilhali salamu ya Susi, ambayo kwa mwanahistoria wa matamshi ina uzito zaidi kwa kuwa ilitoka katika kinywa kilicholelewa katika lugha ya Kibantu, haikumbukwi sana.

Katika mwezi huohuo Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kuchunguza mto unaoingia huko. Stanley aliandika jina lake kwa r, Rusizi, na Livingstone akaliandika kwa l. Wageni hao wawili, waliokaa chombo kimoja na kuwasikia watu walewale, walitofautiana kuhusu konsonanti moja kwa sababu lugha za jamii ya Kiha na Kirundi hazitumii tofauti ya l na r kupambanua neno na neno, na sikio lililozoea tofauti hiyo hulazimika kuchagua upande mmoja. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayemcheka Muha, mwenyeji wa Kigoma, kwa kuchanganya l na r anapozungumza Kiingereza, kwa kuwa Waingereza nao walishindwa mtihani huohuo walipoufanya kutoka upande wa pili.

Wamisionari hawakubadilisha hali hiyo kwa haraka. Wajumbe wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, miongoni mwao nahodha Edward Coode Hore, ambaye alikaa ziwani miaka 11; mwenzao J. B. Thomson alifariki Ujiji mwezi uliofuata, na Arthur Dodgshun akafariki hapohapo mwaka 1879, muda mfupi baada ya kuwasili. Chama hicho hakikuweka shule ya kudumu mjini, kwa sababu wakubwa wa Ujiji, wakiongozwa na Mwinyi Kheri, hawakuwa na sababu ya kukabidhi watoto wao kwa wageni wa dini nyingine, na kituo kilihamia ng'ambo ya ziwa, kisha kusini. Mapadri wa White Fathers, waliofika Ujiji Januari 1879 na kuchukua Karema mwaka 1885, walitoka katika shirika lililoanzishwa na Wafaransa, kwa hiyo lugha za kigeni katika nyumba zao zilikuwa Kifaransa na Kilatini. Hadi karne ya 19 inamalizika, Kiingereza ziwani kilikuwa lugha ya watu wachache wenye boti.

Wakati huo chuo kilikuwa kimeshika mizizi. Chuo, katika maana ya zamani ya Waswahili, ni mahali mtoto anapopelekwa kwa mwalimu kujifunza kusoma Kurani, kwa kawaida barazani au msikitini, akiwa na ubao wa kuandikia kwa wino unaofutika. Elimu inayotawala usomaji huo huitwa tajwidi, na msingi wake ni makhraji, yaani mahali maalumu kinywani au kooni ambapo kila herufi hutokea. Elimu hii ni ya kale sana: Sibawayhi, mwanasarufi wa Basra aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, alikwisha kuzipanga sauti za Kiarabu kuanzia kooni hadi midomoni, na Ibn al-Jazari, aliyezaliwa Damascus mwaka 1350 na kufariki Shiraz mwaka 1429, alihesabu makhraji 17 katika mpangilio unaofundishwa hadi leo. Pamoja na makhraji husomwa sifa za herufi, yaani namna sauti inavyotoka: kama pumzi inapita au inashikwa, kama sauti inazuiwa kabisa au inavuja. Isimu ya kisasa husema jambo lilelile inapotenganisha vipasuo, ambavyo hewa huzuiwa kisha huachiwa ghafla, na vikwamizi, ambavyo hewa hupita kwa kukwaruza katika upenyo mwembamba, au inapotenganisha sauti ghuna, zinazotikisa nyuzi sauti, na sauti zisizo ghuna.

Herufi tatu za Kiarabu, yaani thaa, dhali na dhaa nzito, hutolewa kwa ncha ya ulimi na makali ya meno ya juu ya mbele, na mwalimu wa tajwidi haridhiki mpaka ulimi uonekane. Mbili za kwanza ni zilezile ambazo Kiingereza huziandika kwa th, ile isiyo ghuna ya neno "think" na ile ghuna ya neno "this", na ambazo walimu wa Kiingereza duniani kote huzihesabu miongoni mwa konsonanti zinazowashinda wanafunzi wengi, kwa kuwa lugha nyingi hazina kikwamizi cha ulimi na meno. Kiswahili sanifu kinazo sauti hizo na kinaziandika kwa uangalifu kuliko Kiingereza chenyewe, kwa kuwa kina th na dh mbali mbali, ambapo Mwingereza humwachia msomaji abahatishe. Lakini kuwa nazo katika maandishi si kuwa nazo mdomoni. Kiswahili kilichosambaa kutoka Ujiji hadi Manyema, ng'ambo ya ziwa, kilizungumzwa na watu ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizo, na kwa wengi wao dhahabu ikawa zahabu na thamani ikawa samani. Aliyezishika sawasawa alikuwa, mara nyingi, amepita mikononi mwa mwalimu wa chuo.

Faida ya chuo haikuishia kwenye th. Lugha za Kibantu hupendelea silabi wazi, yaani silabi inayoishia kwa irabu, na ndiyo sababu maneno ya Kiingereza yaliyoingia ziwani kwa reli na meli yaliongezewa irabu mwishoni, na mengine katikati: tiketi, boti, injini, kilabu. Mwanafunzi wa chuo, kinyume chake, hukutana mapema na sukuni, alama inayoonyesha kwamba konsonanti haina irabu, na hufundishwa kusimama juu yake bila kuiongezea chochote. Sura ya Al-Ikhlas, ambayo ni miongoni mwa zile za mwanzo kuhifadhiwa na watoto, ina aya nne ambazo zote huishia kwa dali yenye sukuni, na dali hiyo husomwa kwa kalkala, yaani mdundo mfupi unaoifanya isikike bila kuzaa irabu. Msomaji anayesimama mwishoni mwa aya ya kwanza ya Al-Asr au Al-Fajr hulazimika kumaliza kwa konsonanti mbili zilizofuatana, jambo ambalo Kiswahili cha mazungumzo hulikwepa kwa kusema Alasiri na Alfajiri. Ni vigumu kubuni zoezi bora zaidi kwa mtu ambaye baadaye angetakiwa kutamka "hand" au "desk" bila mkia wa irabu.

Na l na r? Katika orodha ya makhraji, lamu na ree ni majirani wa karibu, zote zikitolewa kwa ulimi kwenye ufizi, yaani nyama iliyo nyuma ya meno ya juu, lakini kila moja ina sifa yake, lamu hewa ikipita pembeni mwa ulimi na ree ulimi ukigonga. Mtoto wa Kiha aliyeketi chuoni Ujiji alilazimika kuzitenganisha, kwa sababu kubadilisha herufi ya Kurani ni kosa ambalo mwalimu hawezi kulinyamazia. Haifai kutia chumvi hapa: vyuo vingi vilifundisha kwa kuiga tu, mwalimu akisoma na watoto wakifuatisha, na wapo walimu ambao wenyewe walisoma thaa kama s. Tajwidi kamili ilikuwa ya waliosonga mbele, hasa baada ya tarika ya Kadiria, chama cha kidini cha Kisufi kilichoenea kutoka Zanzibar, kupata wafuasi wengi bara mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, ni kweli kwamba wazo lenyewe, la kwamba sauti ina mahali pake na mahali hapo panaweza kuelezwa na kusahihishwa, lilikuwa likifahamika Ujiji.

Utawala wa Kiingereza ulichelewa kufika hapa kuliko sehemu nyingine za Tanganyika. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, wakaendesha ofisi kwa Kiswahili, na Februari 1914 wakafikisha reli ya kati Kigoma, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, Julai 1916, Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakaitawala hadi 1921, na hata baada ya kuikabidhi kwa Waingereza walibakiwa na eneo lao bandarini kwa mkataba, ili bidhaa za Kongo zipite. Hivyo kijana wa Kigoma aliyezaliwa mwanzoni mwa karne angeweza kusikia amri za Kijerumani, kisha za Kifaransa, kisha za Kiingereza, kabla hajatimiza miaka 25, na katika lugha hizo tatu ni ya mwisho pekee iliyokuwa na th. Wajerumani na Wafaransa wenyewe huhangaika nayo.

Kilichofuata ndicho kiini cha jambo. Serikali ya Uingereza iliweka Kiswahili katika madarasa ya chini na Kiingereza katika ya juu, na shule nyingi ziliendeshwa na misheni kwa ruzuku. Wazazi Waislamu, ambao mjini Ujiji ndio waliokuwa wengi, waliogopa kwamba mtoto angerudi nyumbani na dini nyingine, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani kubatiza lilikuwa kusudi la wazi la shule hizo. Aidha, Kigoma nzima ilichukuliwa kuwa hifadhi ya nguvu kazi: Waha kwa maelfu walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, na mkoa unaotegemewa kutoa manamba haujengewi shule nyingi. Wachache, hasa wana wa watawala, walipanda treni kwenda shule ya serikali Tabora, kiasi cha kilomita 400, iliyoendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Kwa jumla, basi, vinywa vilivyokwisha kuzoezwa konsonanti ngumu vilibaki nje ya darasa la Kiingereza, na waliopata nafasi darasani walitoka kwa wingi katika vijiji vya milimani ambako chuo hakikuwapo. Hakuna aliyepanga mkingamano huo. Ulitokana na dini, reli na mkonge kukutana.

Shule nazo hazikuwa na mbinu ya kuziba pengo. Ulaya ilikuwa imekwisha kuunda fonetiki, taaluma ya sauti za lugha: chama cha kimataifa cha fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886, na Daniel Jones wa University College London alitoa kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917. Taaluma hiyo ilipovuka kuja Afrika ilikuja hasa kwa ajili ya wageni. Mwaka 1933 Diedrich Westermann na Ida Ward walichapisha kitabu cha fonetiki kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika, na mwaka 1942 A. N. Tucker na E. O. Ashton wakatoa uchunguzi wa fonetiki ya Kiswahili. Maofisa wa serikali, ambao walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, wangeweza kusoma humo namna ya kuweka ulimi. Mwafrika aliyekuwa akijifunza Kiingereza alipewa kitabu cha kusoma na sauti ya mwalimu wake, na sauti hiyo mara nyingi ilikuwa ya Mswisi, Mholanzi au Mjerumani katika misheni, au ya mwalimu Mwafrika aliyefundishwa na mmoja wao. Katika mlolongo wa namna hiyo, "think" kutamkwa "sink" hakuwezi kuhesabiwa kuwa kosa la Muha peke yake.

Yapo mambo ambayo hata chuo kisingeyatatua. R ya Kiingereza cha Uingereza haigongi popote, ncha ya ulimi hukaribia ufizi bila kuugusa, kwa hiyo mwanafunzi aliyetoka jasho kutenganisha r ya Kiswahili, ambayo ni kimadende, yaani sauti ya ulimi unaopigapiga ufizi, na l, hutakiwa tena kuiacha r hiyo aliyoipata. Sauti ya katikati ya neno "measure" haimo katika Kiswahili wala Kiarabu, na hujazwa kwa z, sh au j. B, d na g za Kiswahili, zisipotanguliwa na nazali, hutamkwa kwa kuvuta hewa kidogo ndani, na zikipelekwa vivyo hivyo kwenye Kiingereza huacha lafudhi ambayo mwenyewe haisikii. P, t na k za Kiingereza mwanzoni mwa neno huja na mpumuo, yaani pumzi inayofuata baada ya kuachia. Lahaja za pwani zinao mpumuo huo na huutumia kutenganisha paa la nyumba na paa mnyama, lakini Kiswahili cha bara, pamoja na cha Ujiji, kwa sehemu kubwa hakikuushika. Hizi ni dosari ndogo, na msikilizaji huzisamehe. L na r hazisamehewi kirahisi, kwa sababu "rice" ni mchele na "lice" ni chawa.

Uhuru wa mwaka 1961 ulifungua shule kwa watoto wa dini zote, na mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, Kiingereza kikibaki somo huko na lugha ya karibu masomo yote sekondari. Vyuo vya ualimu, pamoja na cha Kasulu, vilitoa walimu wengi ambao walikifundisha Kiingereza bila kuwa wamekizungumza sana. Mwaka 1984 ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilihitimisha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini hakikutosha kubeba masomo mengine. Mjadala uliofuata, ambao bado unaendelea, ulihusu lugha ya kufundishia, na suala la kinywa lilipotea ndani yake. Sababu moja ni ya kiutendaji kabisa: mtihani wa darasa la saba ni wa maandishi, mtoto anaweza kupata alama ya juu bila kutamka neno hata moja mbele ya msahihishaji, na mwalimu mwenye darasa kubwa hufundisha kinachopimwa.

Mkoa huu umeongeza sura nyingine ambayo mikoa mingi haina. Warundi walikimbilia Kigoma mwaka 1972 na tena 1993, Wakongo mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo wa 1996, imelea watoto waliosoma kwa mitaala ya makwao, ambamo lugha ya kigeni ni Kifaransa. Kuanzia miaka ya 2000 maelfu ya wakimbizi wa Kigoma walihamishiwa Marekani, na kwao konsonanti za Kiingereza ziliacha kuwa suala la shule zikawa suala la kuitwa kwenye foleni, kueleza maradhi kwa daktari na kusema anwani kwa simu. Mrundi huingia katika kazi hiyo na konsonanti karibu zilezile za Muha, akiwa ameongeza Kifaransa kisicho na th. Mkongo anayetoka Uvira au Fizi huingia na Kiswahili ambamo dhambi ni zambi.

Ujiji kwenyewe, mtoto wa Kiislamu siku hizi huenda shule ya msingi asubuhi na madrasa alasiri, jambo ambalo babu yake hakuwa nalo. Asubuhi huhesabu kwa Kiingereza, na akifika tatu hutoa "tirii" au "sirii" pamoja na darasa zima, na mwalimu, ambaye naye huitamka hivyohivyo, huendelea na nne. Alasiri hufika kwenye neno la Kiarabu lenye thaa, hukosea kwa namna ileile, na ustadhi humsimamisha hadi ulimi utokeze kati ya meno.